Kiongozi wa ubunifu wa siku mbili kwa wiki: maswali ninayoulizwa kila mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya nimeulizwa kwenye ofisi za Mbeya mjini, kwenye mabanda ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, na mara moja ndani ya basi la Iringa, na abiria aliyekuwa akisoma kompyuta yangu kwa kuibia. Kazi hii naifanya kwa mkataba na kampuni tatu: moja inafungasha mchele, moja ni SACCOS, ya tatu inauza maparachichi nje. Majina yao yabaki kwao. Ukiwa na haraka soma swali la 9, maana mengine yote yanalizunguka hilo.

## Mambo ya mwanzo

1. Kiongozi wa ubunifu wa mkataba ni mtu gani hasa?

Ni mtu mzoefu anayeshika uongozi wa ubunifu wa kampuni kwa sehemu tu ya wiki, tuseme siku moja au mbili, kwa mkataba wa miezi kadhaa, bila kuajiriwa moja kwa moja. Anakaa kwenye vikao vya menejimenti, anaamua bidhaa ionekaneje na itumikeje, anasimamia madizaina mlionao, na anakataa kazi isiyofaa hata kama imeshalipiwa. Siku zilizobaki yuko kwa watu wengine.

Neno "ubunifu" lenyewe linachanganya. Kuna mama mmoja mwenye kiwanda alinipokea kwa bashasha, akaniuliza bei ya kushona sare za kitenge za wafanyakazi ishirini. Hapa nazungumzia kifungashio, lebo, nembo, fomu ya mkopo, skrini ya simu, kibao cha mlangoni, na hatua zote anazopitia mteja tangu asikie jina lenu hadi arudi mara ya pili.

2. Ana tofauti gani na dizaina wetu wa stesheneri?

Dizaina anachora ulichomwagiza. Kiongozi anakuuliza kwanza kama ulichoagiza kinahitajika. Wote wawili wana kazi, na usimlipe wa pili kwa kazi ya wa kwanza: ukimlipa mtu wa miaka kumi na tano ya uzoefu akutengenezee kadi za mwaliko, unachezea hela.

3. Haya ni mambo mapya ya watu wa intaneti?

Jina ndilo jipya. Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG, Ujerumani, ilimchukua Peter Behrens kuwa mshauri wake wa sanaa. Akashika kila kitu, kuanzia taa, feni na birika za umeme hadi katalogi na jengo la kiwanda cha mitambo Berlin. Mwaka 1956 IBM ya Marekani ilimkabidhi Eliot Noyes ubunifu wake wote, naye akabaki na ofisi yake mwenyewe kule New Canaan huku akishauri pia Westinghouse na Mobil. Ndiye aliyemleta mchora nembo Paul Rand kushughulikia nembo ya IBM. Noyes hakuwa mfanyakazi wa IBM, lakini alikuwa na mlango wa kuingilia kwa bosi mkuu, Thomas Watson mdogo. Ushikilie mlango huo, nitaurudia.

Kilichobadilika ni ukubwa wa kampuni zinazofanya hivi. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 kampuni kubwa za teknolojia zilipunguza watu kwa maelfu. Meta ilitangaza 11,000 na Google 12,000. Viongozi wengi wazoefu walijikuta nje, na wengine wakaanza kujiuza kwa siku badala ya kwa mwaka. Kampuni ndogo ambazo zisingeweza kumgusa mtu wa namna hiyo sasa zikaweza kumpata Jumanne na Alhamisi. Mtindo huo ukasambaa, na huku kwetu umefika kwa njia ya wauza mazao nje na watu wa fedha za simu.

4. Kwani huyu si deiwaka tu?

Swali zuri, na huwa linaulizwa kwa kicheko. Deiwaka anashika usukani mwenye gari akipumzika, lakini ruti ameikuta. Stendi ni ileile, nauli ileile, na jioni anarudisha hesabu. Kiongozi wa mkataba anapewa siku chache, ila yeye ndiye anayeulizwa gari liende wapi. Ukimpa siku bila kumpa mamlaka, basi kweli umechukua deiwaka, tena wa bei mbaya.

## Je, kampuni yangu inamhitaji?

5. Tuko watu kumi na wanne tu. Si mapema mno?

Idadi ya watu haisemi mengi. Angalia maamuzi yanayogongana. Lebo zenu zina kijani cha aina tatu kwa sababu zimechapwa sehemu tatu. Kila mtu wa mauzo ana nembo yake kwenye simu, mmoja ana ile ya zamani yenye jogoo. Wateja wanapiga simu kuuliza kitu ambacho mnadhani kimeandikwa kwenye pakiti. Bango la Nane Nane linaagizwa tarehe 5 Agosti. Ukiyaona matatu kati ya haya, si mapema mno.

Mwenye duka moja na bidhaa moja, anayewajua wateja wake kwa majina, hamhitaji. Huyo atafute dizaina mzuri, apite SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata ushauri wa vifungashio, hela inayobaki anunulie mzigo.

6. Kwa nini nisimwajiri moja kwa moja?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mtu wa kiwango hicho anataka mshahara wa shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni 20% ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake inatoka kwa mwajiri, kwa hiyo umeshafika 4,400,000 kabla ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), tozo ya ufundi stadi na likizo ya siku 28. Kwa siku 22 za kazi, hiyo ni 200,000 kwa siku. Wa mkataba atakudai zaidi kwa siku, tuseme 280,000, kwa sababu likizo na siku zisizo na kazi anajilipia mwenyewe. Kwa siku 8 ni 2,240,000.

Kwa siku ni ghali, kwa mwezi ni karibu nusu. Lakini ukiona siku nane zinageuka kumi na sita kila mwezi, acha kujidanganya, ajiri. Mimi mwenyewe nimemshauri mteja aniache aajiri mtu, na alifanya hivyo. Niliumia mfukoni kwa miezi miwili.

7. Lazima atoke Dar?

Hapana. Wa Dar ana faida ya kuona mengi, lakini yuko zaidi ya kilomita 800, na tiketi ya ndege hadi Songwe ataiweka kwenye ankara yako. Wa hapa anajua kuwa mchele wa Kyela unanukia na kwamba mteja wa Mwanjelwa anataka kuunusa kabla ya kusoma chochote. Ningechagua anayeweza kufika sokoni kwa miguu, halafu nimtume Dar mara mbili kwa mwaka akaone wenzake wanafanya nini.

## Kazi inavyokwenda

8. Siku mbili hizo anafanya nini cha maana?

Nitaeleza siku moja. Kampuni ya mchele iliniita kwa sababu mfuko wao wa kilo 5 ulikuwa hautoki, na walishaamua kwamba tatizo ni nembo. Walikuwa na michoro sita mipya mezani. Badala ya kuchagua, nilikwenda Mwanjelwa, nikaomba kiti cha plastiki kwa muuza duka mmoja, nikakaa saa mbili na nusu.

Mifuko yetu ilikuwa imelazwa rafuni, mmoja juu ya mwingine kama matofali. Sehemu ya mbele, yenye nembo tuliyokuwa tukigombania, ilikuwa inatazama dari. Mteja alikuwa anaona kitako cha mfuko tu, na kitako kilikuwa cheupe pe. Muuza duka alikuwa ameshatufanyia kazi yetu: kila kitako alikiandika kwa maka peni, "SUPA 5", kwa mwandiko wa kuinamia kulia. Nikamuuliza kwa nini. "Kaka, sasa nitajuaje ipi ni ipi? Niwe navuta kila mfuko?"

Jioni ile tuliamua jina, aina na uzito viende kwenye kitako, kwa herufi za urefu wa vidole viwili. Nembo ikabaki ileile. Michoro sita ilifungiwa kabatini, na sijui kama aliyeichora amenisamehe. Wengine wanakuja kuona picha nilizochora siku hizo mbili. Mara nyingi sina hata moja.

9. Na siku tatu ambazo hayupo?

Hapo ndipo mikataba hii inapofia.

Kwenye SACCOS ya upande wa Iringa, skrini ya mkopo kwenye simu ilikuwa imeandikwa "Salio: 840,000". Wanachama wengi ni wakulima wa nyanya wa Ilula na vijiji vya jirani, na kwa miaka yote ya kutumia simu "salio" kwao ni hela uliyonayo. Mzee mmoja alikuja kaunta, akamwonyesha dada wa mikopo simu yake, akataka kutoa 840,000 zote. "Mwanangu, simu yenyewe imesema ninazo." Dada akamjibu taratibu, "Mzee wangu, hizo ndizo unazodaiwa." Yule mzee alikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, akakaa muda mrefu, simu ikiwa bado inawaka mkononi.

Tulibadilisha ikawa "Deni lililobaki". Ilichukua dakika kumi. Wiki tatu baadaye mtengeneza programu aliyeko Dar akaleta toleo jipya, akatumia faili la zamani, na "Salio" likarudi. Mimi nilikuwa Mbeya kwa watu wa mchele. Pale ofisini hakuna aliyejua kwamba neno lile lilikuwa uamuzi. Walidhani ni maandishi tu. Tuligundua mkulima mwingine alipokuja na simu mkononi.

Tangu siku hiyo sisaini mkataba kabla kampuni haijanitajia kwa jina mtu wa ndani atakayelinda maamuzi nikiwa sipo. Kuna msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye kazi hii siku ya tatu mgeni ameshaondoka, kwa hiyo jembe lazima awe nalo mwenyeji.

10. Huyo mtu wa ndani awe na sifa gani? Lazima ajue kuchora?

Kuchora si lazima. Awe anakutana na wateja kila siku, awe na ubishi kidogo, na awe na ruhusa ya kusema "hapana" kwa mtu aliyemzidi cheo. Ruhusa hiyo iandikwe na mkurugenzi, isemwe kikaoni wote wakisikia. Kule SACCOS tulimchagua yule yule dada wa mikopo. Tulimpa daftari la kurasa 96 lenye safu tatu: tulichoamua, kwa nini, na nani alikuwepo. Safu ya katikati ndiyo yenye thamani. Kampuni nyingi zinaandika ya kwanza tu, halafu mwaka mmoja baadaye zinabishana upya kuhusu jambo lilelile.

Usimpe kazi hii kijana wa mafunzo kwa vitendo kwa sababu tu "anajua kompyuta". Hatasikilizwa, na muda wake ukiisha anarudi chuoni.

11. Naweza kumpigia simu siku ambayo si yake?

Mnaweza kukubaliana saa, kwa mfano nusu saa asubuhi, kwa mambo yanayozuia uzalishaji tu. Mtambo wa kuchapa unasubiri, piga. Unataka maoni kuhusu kadi ya harusi ya mpwa wako, subiri Jumanne. Bosi mmoja alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kila usiku kwenye WhatsApp. Nilimwandikia kwenye ankara saa zote za kusikiliza. Ujumbe ulifupika.

12. Matokeo nianze kuyaona lini?

Mwezi wa kwanza utaona maswali mengi na kero kidogo. Mambo madogo kama kitako cha mfuko yanaonekana kwenye mzigo unaofuata. Mabadiliko ya tabia ndani ya kampuni, yaani watu kuuliza kabla ya kuchapa, nimeyaona kuanzia mwezi wa tano. Mkataba wa miezi mitatu unatosha kujaribu, wa sita unatosha kazi.

## Fedha na karatasi

13. Analipwaje?

Njia ninayoipenda ni ada ya mwezi kwa siku zilizokubaliwa, ikilipwa mwanzoni mwa mwezi. Kulipana kwa saa kunamfanya mteja aogope kuuliza. Kulipana kwa kazi moja moja kunamrudisha kiongozi kuwa dizaina wa swali la 2. Wapo wanaotaka asilimia ya mauzo. Mimi sikubali, kwa sababu msimu wa mvua mbaya mauzo yanashuka hata kifungashio kiwe cha dhahabu. Nauli na malazi viwe mstari wake, hasa kama unamtoa Mbeya kuja Iringa, maana ni zaidi ya kilomita 300 na basi lina siku zake.

14. Kodi inakuwaje?

Kwa mtoa huduma mkazi wa Tanzania, kampuni inakata 5% ya ada kama kodi ya zuio, inaiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na inampa cheti cha zuio ili naye aikate kwenye kodi yake ya mwaka. Kwa asiye mkazi ni 15%. Mpe cheti, na yeye mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mhasibu wako anayajua haya, lakini mwambie mapema, usimshtue siku ya malipo.

15. Tukimwita mshauri kwenye mkataba, sheria nayo itamwita mshauri?

Si lazima, na ni wachache wanaolisoma hili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa moja tu ya dalili zilizotajwa ipo, bila kujali mkataba umeitwaje. Miongoni mwa dalili hizo: mnamwelekeza namna na saa za kufanya kazi, anategemea hela yenu kuishi, mnampa vifaa, au amewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi katika miezi mitatu iliyopita.

Sasa hesabu. Siku moja ya saa nane kwa wiki ni kama saa 35 kwa mwezi. Siku mbili ni kama saa 69. Yaani mkataba wa siku mbili, ambao ndio wa kawaida, umeshavuka mstari. Hii haina maana kwamba ni kosa; ina maana kwamba ukifika mgogoro, nyinyi ndio mtakaotakiwa kuonyesha kuwa ni mtu anayejitegemea. Kompyuta yake mwenyewe, wateja wengine, ankara zake, uhuru wa kupanga siku. Mpeni mwanasheria aupitie. Ada yake ni ndogo kuliko safari za CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

16. Faili na michoro ni ya nani?

Yenu, kama mkataba unasema hivyo. Msikisie. Andikeni kwamba haki za kazi zote zinahamia kwa kampuni malipo yakikamilika, na kwamba faili zinazoharirika, si picha tu, zinawekwa kwenye akaunti ya kampuni kila mwisho wa mwezi. Nimeona kampuni ikichora nembo yake upya kwa kuipiga picha mlangoni kwa sababu aliyekuwa na faili alihamia Mwanza na namba haipatikani.

17. Jina tumeshasajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Nembo imelindwa?

Usajili wa jina la biashara ni jambo moja, alama ya biashara ni jingine. Alama inasajiliwa peke yake, kwa kundi la bidhaa husika. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, halafu unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana msajili wao. Kiongozi wa ubunifu akumbushe hili kabla ya kuchapa mifuko elfu kumi.

18. Anaweza kuangalia taarifa za wateja wetu?

Kwa kiasi cha kazi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na SACCOS ina majina, namba za NIDA na madeni ya watu. Mimi huomba picha za skrini zilizofutwa majina. Yule mzee wa swali la 9 nilimwona kwa macho, lakini jina lake sijalijua mpaka leo.

## Mambo ya pembeni na magumu

19. Akifanya kazi na mshindani wetu?

Andikeni kwa bidhaa na kwa eneo. Ninaposhika mchele wa kampuni moja, sishiki mchele wa nyingine Mbeya na Songwe hadi miezi sita baada ya mkataba. Kumzuia asifanye kazi na "kampuni yoyote ya chakula" ni kumtaka awe mwajiriwa wenu bila mshahara wa mwajiriwa, na mnarudi kwenye swali la 15.

20. Nembo ilichorwa na mtoto wa mkurugenzi. Nani atasema?

Kiongozi wa nje, ndiyo sababu moja ya kumlipa. Ila aseme faragha, na aseme kuhusu bidhaa, si kuhusu mtoto. Mara moja nilipeleka lebo mbili zimebandikwa kwenye chupa halisi, nikaziweka dirishani kwa mzee, nikamwomba asimame hatua nne. Akazitazama. Akasema, "Hii ya kijana haisomeki." Sikuongeza neno. Nembo ya kijana ipo hadi leo kwenye fulana za timu ya mpira ya kiwanda, na pale inapendeza.

21. Akili mnemba si inachora bure siku hizi?

Inachora, na mimi naitumia kutoa michoro ya haraka ya kujadiliana. Haikai kwenye kiti cha plastiki Mwanjelwa. Ukiiagiza lebo ya chai ya Mufindi inaweza kukupa mlima wenye theluji.

22. Akikosea, hasara ya nani?

Hili nalijua kwa uchungu. Boksi za maparachichi za kilo 4 zina mstari wa namba za ukubwa, 12, 14, 16, 18 na kuendelea, yaani matunda mangapi yanajaa boksi. Mfungashaji anazungushia moja. Mchapaji alinitumia sampuli kwa picha ya WhatsApp nikiwa kwenye basi, Makambako. Rangi ilionekana sawa, nikajibu "endelea". Boksi 3,000 zilipofika, tundu la hewa lilikuwa limetobolewa katikati ya 16 na 18, ukubwa ambao msimu ule tulikuwa tunafunga zaidi. Wadada wa kufungasha waliandika namba kwa mkono, boksi moja moja, kwa zamu mbili, na mmoja wao akaniuliza kama nimeshawahi kushika boksi lenyewe.

Niliacha ada ya mwezi mzima, ingawa mkataba haukunidai. Sasa unadai: sampuli ya mwisho inashikwa mkononi, ikiwa imekunjwa, na watu wawili wanasaini, mimi na mtu wa ndani. Kosa la idhini ni langu hadi kiwango cha ada ya mwezi. Kosa la uchapaji ni la mchapaji. Wekeni kiwango chenu, lakini kiwepo.

23. Tunauza hadi Zambia kupitia Tunduma. Kuna la ziada?

Alama iliyosajiliwa BRELA haivuki mpaka. Zambia mnasajili upya huko. Lugha rasmi kule ni Kiingereza, na Kibemba kinasikika sana masokoni, kwa hiyo jina zuri la Kiswahili mlitamkishe kwa watu wa Nakonde kabla ya kulichapa. Mtu wa siku mbili atatumia moja kwenye foleni ya malori. Mpangieni.

24. Mimi ni dizaina kijana, nimemaliza chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya. Nianzie hapa?

Bado. Uongozi wa siku mbili unauza makosa uliyokwisha kuyafanya kwa hela ya mtu mwingine. Ajiriwa miaka mitano, fanya kazi kwenye kiwanda, simama kwenye mtambo wa kuchapa, jifunze kusoma hesabu za faida na hasara. Ukipata bosi mwenye kiongozi wa mkataba, omba uwe mtu wa ndani wa swali la 10. Hiyo ndiyo shule.

25. Mkataba unaishaje vizuri?

Notisi ya siku 30 kwa kila upande, faili zote zimekabidhiwa (swali la 16), daftari limejaa, na mlango wa bosi ule niliosema kwenye swali la 3 umehamishiwa kwa mtu wa ndani. Mwezi wa mwisho kiongozi akae pembeni, aulizwe tu.

Wa SACCOS unaisha Machi. Wiki iliyopita nilipendekeza neno jipya kwenye skrini ya marejesho. Dada wa mikopo akasema hapana, akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole sababu niliyompa mwenyewe miezi minane nyuma. Nikalifuta.